Nimeitwa kwenye shoo ya TV nikamkabili baba anayenikana, niende?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimelelewa na mama peke yake, na mzee ninayeambiwa ndo baba yangu ananikana tangu niko mdogo. Juzi nilijaza fomu ya shoo moja ya mchana, zile za watu kukabiliana mbele ya watazamaji na majibu ya DNA yanasomwa palepale. Wamenipigia, wamefurahi sana na stori yangu, wanalipia usafiri, hoteli na vipimo, na wamesema wana mwanasaikolojia wao. Kitu kimoja tu, wanataka mzee aje bila kujua anaitiwa nini, nimwambie ni kipindi cha familia. Mi ni mtu mzima na nimekubali mwenyewe, kuna ubaya gani? Na mtu akiumia lawama inakuwa ya nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, manake kukanwa na mzazi si jambo dogo na naona umeliandika kwa mkato kama vile umeshalizoea.

Nianze na jibu alafu maelezo yafuate. Kwa masharti hayo usiende. Sisemi usimkabili mzee, hilo ni haki yako na ulistahili kujibiwa zamani sana, wala sisemi watu wa hizi shoo wote ni wabaya, nimefanya kazi kwenye vipindi vya TV kabla sijaanza kufundisha maadili ya utangazaji, wengi wa wanaokupigia simu ni vijana tu wanaokimbizana na ratiba, wanatakiwa wapate wageni kadhaa kila wiki na bosi wao hataki kusikia kwamba wamekosa. Ninachosema ni kwamba hicho ulichokiita "kitu kimoja tu" ndo shoo yenyewe. Hoteli, usafiri na mwanasaikolojia ni mapambo. Wanachouza ni ile sekunde mzee anatokea nyuma ya pazia, anakuona umekaa pale, na kamera imemganda usoni. Wakimwambia ukweli mapema hawana kipindi, wana watu wawili tu wamekaa wanaongea mambo ya kwao.

Alafu kuna hili ambalo nadhani hujalifikiria. Kama wako tayari kukutumia wewe umdanganye yeye, nani kakuambia hakuna mtu anayetumika kukudanganya wewe? Prodyuza anayeijua kazi yake haridhiki na sapraizi moja. Unaingia ukidhani leo ni siku ya mzee kubanwa, kumbe kuna chumba kingine kuna mwanamke kasafirishwa kuja kusema mama yako mwaka ule alikuwa na mwanaume mwingine, au kuna mtoto wake wa ndoa kaja kukuambia mbele ya watu unachotaka ni urithi. Sijui kama ndo walichokupangia, ila shoo za namna hii zinajengwa hivyo, kila mtu anapewa kipande chake cha ukweli na kila mtu anaamini yeye ndo anayeijua stori nzima. Anayeijua nzima ni prodyuza.

Kwaiyo tukirudi kwenye "nimekubali mwenyewe", sawa, ila umekubali nini? Daktari akitaka kukupasua anakuambia anapasua wapi, kwa sababu gani, na kitu gani kinaweza kwenda mrama, ndo unasaini. Wewe unasaini kuingia kwenye kitu ambacho sehemu yake kubwa umefichwa kwa makusudi, na mzee hata hiyo nusu hajapewa, yeye ameridhia kipindi cha familia ambacho hakipo. Mi hiyo siiti ridhaa. Inaweza ikawa ridhaa ya kisheria, mawakili wao wanajua kuandika, ila kimaadili mtu anaridhia kile anachokijua basi.

Na usidhani nakutisha na vitu vya kufikirika, yameshatokea.

Machi 1995, shoo ya Jenny Jones pale Chicago. Kijana mmoja aliitwa akaambiwa kuna mtu anakupenda kimyakimya, utamjua ukifika jukwaani. Aliyetokea akawa mwanaume anayemfahamu. Mbele ya kamera alicheka, akaonekana kalichukulia poa. Siku 3 baadaye huko kwao Michigan akaenda nyumbani kwa yule mwenzake akampiga risasi akamuua. Hatia ya kuua ni ya muuaji, alihukumiwa na alifungwa miaka mingi, na kupendwa na mwanaume mwenzako hakujawahi kuwa sababu ya kutoa roho ya mtu, hilo tusilizungushe. Ila familia ya marehemu iliuliza swali kama lako, je waliopanga ile sapraizi hawana lawama yoyote? Wakafungua kesi ya madai. Mwaka 1999 wazee wa baraza la mahakama wakasema shoo ilizembea, wakaamua familia ilipwe zaidi ya dola milioni 25. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya Michigan, majaji 2 kwa 1, ikafuta yote, kwamba shoo haikuwa na wajibu wa kisheria wa kumlinda mgeni na uhalifu uliofanywa na mtu mwingine, siku kadhaa baadaye, mbali na studio.

Isome tena hiyo hukumu taratibu ukiwa na fomu yako mkononi. Kwa kesi ile sheria iliona mlango wa studio ndo mpaka. Ukishatoka umetoka.

Novemba 2007 Hispania, televisheni ya Antena 3. Mwanamke kaitwa kwenye shoo ya mchana akaambiwa kuna sapraizi yake. Akatokea mwanaume waliyeachana, kapiga magoti, anaomba warudiane, studio nzima inasubiri. Akakataa. Siku chache baadaye yule mwanaume akamuua. Sasa mwambie mtu yeyote anayefanya kazi na wanawake wanaopigwa kwamba unataka kumkutanisha mwanamke na mwanaume aliyemkimbia, bila yeye kujua, mbele ya taifa, alafu amkatae hadharani, atakuambia hapohapo hii ni hatari na wala hatahitaji kufikiria mara mbili. Hapo ndo ninapokasirika mimi, manake hayo maarifa yalikuwepo, hakukuwa na fumbo lolote, ila mtu wa namna hiyo hakuwa na kiti kwenye chumba cha kupanga kipindi.

Na Julai 2000 Florida, mwanamke aliyekuwa amerekodi shoo ya Jerry Springer pamoja na mume wake wa zamani na mke mpya wa huyo mume aliuawa na huyohuyo mume wa zamani siku ileile kipindi kinaruka. Angalia tarehe. Hakufa siku ya kurekodi, kipindi kilikuwa kimerekodiwa muda mrefu nyuma, mabaunsa wameshahamia kwa wageni wengine, prodyuza ameshasahau hata majina. Huu ni ugonjwa wa hizi shoo ambao watu hawauoni. Ulinzi wote, maji ya kunywa, mshauri wa kukushika mkono, vinawekwa siku ya kurekodi, wakati moto wenyewe unawaka siku ya kurushwa, ukiwa umekaa nyumbani kwako na majirani wanaangalia.

Tuje kwa huyo "mwanasaikolojia wao" sasa, manake naona ndo aliyekutuliza.

Uingereza kulikuwa na The Jeremy Kyle Show, kwenye kituo cha ITV cha kulekule, ilianza 2005 ikafutwa Mei 2019. Miaka 14 asubuhi za siku za kazi. Na walikuwa na timu ya kuangalia wageni, tena walijivunia nayo, kulikuwa na watu wa kuchuja wageni kabla na watu wa kuwafuatilia baada. Mwanzoni mwa Mei 2019 mwanaume mmoja wa miaka 63 akaenda kuthibitisha kwamba hajamsaliti mchumba wake, akapimwa kwa mashine ya uongo, mashine ikasema anadanganya, akazomewa. Ndani ya siku chache alikutwa amefariki, baadaye uchunguzi wa mahakama ukasema alijiua. Kile kipindi hakikurushwa na shoo nzima ikafungwa wiki iliyofuata.

Kuna mambo mawili kwenye kisa hiki nataka uyaangalie vizuri. La kwanza, uchunguzi wa kifo ulipokamilika Septemba 2024, ofisa aliyeuongoza hakusema shoo ndo iliyomuua. Alisema inawezekana yaliyompata pale yaliongeza mateso yake, ila hakuwa na ushahidi wa kutosha kusema ndo chanzo, na yule bwana alikuwa na historia ndefu ya matatizo ya akili. Naliandika hili kwa sababu mitandaoni watu wanalirahisisha, kifo cha mtu kujiua mara nyingi hakina sababu moja, na wewe ukisoma usitoke na hesabu ya shoo moja jumlisha aibu moja sawa na kifo.

La pili ndo linalonisumbua zaidi. Ilielezwa kwamba mwanzoni alikataliwa kwa sababu alikuwa anatumia dawa za sonona, naye akaenda kutafuta barua ya daktari ili apitishwe. Unaona tatizo la kuchuja? Aliye kwenye hali mbaya kuliko wote ndo anayeihitaji hiyo shoo kuliko wote, yuko tayari kuacha dawa, kuficha, kubembeleza, kuleta barua, manake kichwani kwake pale jukwaani ndo sehemu ya mwisho ya kuaminika. Na prodyuza naye anamhitaji huyohuyo, manake mtu aliyetulia hana kipindi. Kwaiyo unaweka kichujio katikati ya watu wawili wanaosukumana kuelekea upande mmoja, alafu unashangaa kinapitisha. Simlaumu mwanasaikolojia aliyekaa hapo, namlaumu aliyempa kazi ya kuchuja mkondo ambao faida yote inatoka kwenye uchafu wake.

Alafu nyuma ya jukwaa. Baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wa shoo hiyo walieleza kwenye dokumentari ya Channel 4 ya mwaka 2022 jinsi wageni walivyokuwa wanapashwa kabla ya kutoka, huyu anaambiwa mwenzako kakuita mwongo, yule anaambiwa usikubali akudharau, hadi mtu akifika kwenye mwanga ameshachemka. Na huhitaji kuwa mwanasaikolojia kuelewa kinachofanya kazi hapo: umesafiri, umelala hoteli usiyoijua, hujala vizuri, umekaa chumbani masaa huruhusiwi kuonana na mwenzako, simu hujui umpigie nani, na mtu pekee aliye mwema kwako siku nzima ni yule kijana wa timu ambaye kazi yake ni kukuwasha. Ukija kuangalia kipindi nyumbani unasema hawa watu wana hasira jamani, kumbe hasira imepikwa tangu asubuhi. Mwaka 2007 jaji mmoja wa Manchester, alipokuwa anamhukumu mgeni aliyempiga mwenzake kichwa kwenye shoo hiyohiyo, aliifananisha na ule mchezo wa zamani wa kuchokoza dubu aliyefungwa minyororo watu wafurahi, na akasema wazi kwamba waandaaji nao wana lawama. Jaji! Na shoo ikaendelea miaka mingine 12.

Kuna kitu kidogo cha pembeni, manake wakikosa cha DNA wanaweza wakakutupia mashine ya uongo. Usiikubali kamwe. Ile mashine haipimi uongo, inapima pumzi, presha, mapigo ya moyo na jasho la vidole, yani inapima wasiwasi, na nani asiye na wasiwasi ndani ya studio? Mwaka 2003 jopo la wanasayansi la Marekani lilitoa ripoti nzito kuhusu hiyo mashine, likakuta kwa kupima watu kuhusu tukio moja mahususi inafanya vizuri kuliko kubahatisha ila iko mbali na uhakika. Marekani tangu 1988 kuna sheria inayowazuia waajiri wengi binafsi kuwapima wafanyakazi nayo, na mahakama za jinai Uingereza haziipokei kama ushahidi wa hatia. Alafu asubuhi kwenye TV inasomwa kwenye kadi kama vile imeshuka kutoka juu, na ndoa inavunjika hapo. DNA ni tofauti, hiyo ni sayansi imara kabisa na ikifanywa vizuri inakupa jibu la kuaminika. Ubaya wake hauko kwenye kipimo, uko kwenye kusomewa na mtangazaji badala ya kusomewa na mtu anayejua kukaa na wewe baada ya kusoma.

Sasa lawama ni ya nani. Jibu langu ni kwamba inafuata maarifa na uwezo wa kusimamisha. Nani alijua kila kitu? Nani angeweza kusema tusirekodi? Wewe ulijua nusu, mzee hakujua chochote, watazamaji walikuja kuangalia kilichowekwa mezani. Waliojua vyote na waliokuwa na kitufe cha kuzima ni prodyuza, mhariri na kituo kinachouza matangazo katikati ya kilio chako. Mtangazaji pia, ila watu humbebesha yeye peke yake kwa sababu sura yake ndo inayoonekana, na vituo vinapenda iwe hivyo, unamtoa mtangazaji unabaki na mfumo uleule. Wewe nawe una kipande chako kidogo, hapo sikufichi, ukimpigia mzee ukamwambia ni kipindi cha familia huo uongo utakuwa umetoka mdomoni mwako, sio kwa prodyuza, na siku mzee akikuuliza uso kwa uso hutakuwa na wa kumsingizia.

Waingereza baada ya hilo la 2019 hawakuishia kulia. Kamati ya bunge iliita viongozi wa kituo na wa shoo kuhojiwa, mtangazaji mwenyewe aliitwa akakataa kwenda, na Ofcom, ambao ndo wasimamizi wa utangazaji kule, wakaandika kanuni mpya zilizoanza kutumika Aprili 2021. Nakupa kiini chake kwa sababu hata kama unakoishi hazina nguvu zinakusaidia kupima. Kituo lazima kichukue hadhari juu ya ustawi wa mshiriki anayeweza kupata madhara makubwa kwa kushiriki, na wametaja nani hasa: mtu aliye kwenye hali dhaifu, mtu asiyezoea kuwa mbele ya umma, kipindi kinachofanyika kwenye mazingira ya kutengenezwa, kipindi kinachoweza kuvuta magazeti na mitandao, kipindi ambacho msingi wake ni ugomvi au hali nzito za kihisia, na kipindi kinachomtaka mtu atoe mambo yake ya ndani yanayobadilisha maisha. Pia mshiriki aelezwe mapema hatari zinazoweza kumpata na watakachofanya kuzipunguza, ndo ridhaa yake ihesabike.

Jipime hapo. Mi naona unagusa karibu yote, na mzee naye anagusa karibu yote na hajui.

Najua utaniambia mtaalamu wewe unaongea kirahisi, sisi wengine hatuna pa kusemea. Na hapo una hoja, tena ndo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Mtangazaji wa Marekani Phil Donahue alipoanza shoo yake Dayton, Ohio, mwaka 1967, akazunguka na maiki kwa watazamaji wenyewe waulize, watu ambao hawakuwahi kuonekana kwenye TV walianza kuonekana, wanawake wa nyumbani, mashoga, watu waliobeba siri miaka, na wengi walipata nafuu kujua hawako peke yao. Hicho kitu kilikuwa na thamani ya kweli na sitaki kukidharau. Kilichotokea ni ushindani, miaka ya 90 shoo zilikuwa nyingi mno kwa saa zilezile, na ugomvi ni rahisi kuutengeneza kuliko mazungumzo. Springer alikuwa mwanasiasa, aliwahi kuwa meya wa Cincinnati, na shoo yake ilipoanza 1991 ilikuwa ya mambo ya siasa na jamii, watazamaji hawakuja, wakabadilisha ikawa viti vinaruka, na kufikia 1998 kuna wiki walimpita hadi Oprah kwa watazamaji. (Mwaka 1999 madiwani wa Chicago wakamwita wamuulize zile ngumi ni za kweli au maigizo, manake kama ni za kweli mbona hakamatwi mtu, na kama ni za uongo mbona tunadanganywa. Swali zuri kwa kweli, ila ngumi za kuigiza zingekuwa na madhara machache zaidi.)

Kwaiyo ndio, kuna watu shoo imewasaidia, wapo waliopelekwa rihabu kwa gharama ambayo wasingeimudu, wapo waliopatanishwa. Siwezi kukataa. Ila angalia nani anaitwa kwenye hivyo viti. Mwenye pesa akiwa na mgogoro wa mtoto wa nje anaita wakili, wanamaliza ofisini, mlango umefungwa. Asiye nazo anaambiwa kipimo tutakulipia ukituachia aibu yako. Huko ni kununua kwa mtu kitu ambacho angekiuza rahisi kwa sababu ana shida, na ofa ya vipimo vya bure ndo sehemu ya fomu yako niliyoichukia kuliko hata ya kumdanganya mzee.

Na mama yako je? Hajatajwa kabisa kwenye swali lako zaidi ya kwamba amekulea. Kwenye shoo ya DNA mama ndo mshtakiwa ambaye hajaitwa. Mzee akisimama pale atajitetea na kitu gani? Atasema huyo mwanamke alikuwa hivi na vile, watazamaji wataguna, mtangazaji atasema subiri turudi baada ya matangazo. Jibu likitoka wewe ni mtoto wake mama kasafishwa, haya. Jibu likitoka sio? Mama yako hakusaini fomu yoyote. Ni hivyohivyo kwa watoto wadogo wanaotajwa kwenye hizi shoo, mtoto wa mwaka mmoja picha yake iko kubwa nyuma ya jukwaa huku watu wazima wanabishana ni wa nani, na akifika miaka 12 klipu bado ipo, wenzake darasani wanayo kwenye simu.

Klipu ndo kitu cha mwisho ambacho zamani hakikuwepo. Vipindi vya miaka ya 90 vilikuwa vinaruka vinaisha. Chako kitakatwa vipande, kile cha sekunde 20 unacholia au unachotukana kitawekwa peke yake, bila ile miaka yote iliyokufikisha hapo, na komenti zitakuwa za watu wasiojua hata jina lako. Japani Mei 2020 mwanamieleka Hana Kimura, wa miaka 22, alijiua baada ya kushambuliwa vibaya mitandaoni kwa tukio moja la kwenye shoo ya watu wanaoishi nyumba moja. Mwaka 2021 chombo chao cha maadili ya utangazaji kikasema kituo kilikuwa na kasoro ya kimaadili kwenye kumjali, na 2022 bunge likaongeza adhabu ya kumtukana mtu hadharani, hadi kifungo cha mwaka 1. Yule alikuwa mtu aliyezoea jukwaa, amezoea kuzomewa ulingoni. Wewe hujawahi.

Haya, ya kufanya. Kama moyo bado unakuvuta, mpigie huyo prodyuza na umuulize haya, tena muombe akujibu kwa maandishi. Mzee ataambiwa ukweli kabla hajasafiri, ndio au hapana? Kuna mtu mwingine yeyote mmemwita au mmeongea naye kuhusu stori yangu, ni nani? Majibu ya DNA naweza kuyapata mimi faragha kabla ya kurekodi? Mwanasaikolojia ana mamlaka ya kusimamisha kurekodi, na ameshawahi kusimamisha? Nikiangalia kipindi kilichokamilika nikasema sitaki, kitarushwa? Siku ya kurushwa nani atanipigia, na mwezi mmoja baadaye? Klipu mtazifuta nikiomba?

Usisikilize sana maneno yake, sikiliza swali gani limemfanya anyamaze. Akikujibu vizuri yote hayo, mzee anajua, wewe unajua, una haki ya kurudi nyuma, basi nenda na roho safi na mi nitakuwa wa kwanza kuangalia. Ila nadhani atakuambia tutakupigia, na hawatapiga.

Kwa upande wa mzee, njia ipo na haina watazamaji. Mtumie ujumbe ulio wazi, mfupi, kwamba unataka mpime DNA mara moja tu muondoe utata, maabara mtakayokubaliana wote, na majibu mpokee mkiwa na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili, shangazi, mzee wa ukoo, kiongozi wa dini, yeyote. Akikataa, zungumza na shirika la msaada wa kisheria, nchi nyingi mahakama inaweza kulishughulikia suala la uzazi na wala huhitaji kuwa na pesa nyingi kuanza. Mwambie mama kwanza kabla ya yote, asije akalisikia kwa mtu. Na ile fomu ukishaamua kutokwenda waandikie kwamba umeondoa ridhaa yako na hutaki stori, picha wala sauti ya simu mliyoongea itumike popote, manake hizo simu za mwanzo mara nyingi hurekodiwa. Kama kuna kipengele kwenye hiyo fomu hukielewi kinasema nini, nitumie hicho kipande nikusomee, ila futa majina kwanza.